Betri Zilizofika na Kiu

Umewahi kuanika betri juani, kama mtu anayeanika nyama? Usione haya kusema. Nyumba nyingi zimefanya hivyo. Betri zikichoka unazitoa kwenye redio, unazipanga juu ya bati, na jioni redio inakohoa maneno mawili matatu kisha inanyamaza tena. Basi sikiliza yaliyompata Shurie wa Garissa, mwaka ule ambao mawingu ya mvua ya deyr, ile ya mwisho wa mwaka, yalianza kujikusanya mapema.

Shurie na mumewe Kerrow waliishi pembeni mwa mji, upande ambao nguzo za stima hazikuwa zimefika. Kerrow alichunga ngamia ujana wake wote. Sasa magoti yalikuwa yamemkataa, ngamia wamebaki na ndugu zake, naye kazi yake ikawa kukamua mbuzi asubuhi na kusikiliza habari jioni. Walikuwa na redio kaseti kubwa, nyeusi, imefunikwa kitambaa cha maua alichokifuma binti yao Muslimo kabla ya kuolewa.

Muslimo aliolewa na Yonis huko Eldas, mbali, mwendo mrefu wa lori kupita Wajir. Sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza. Shurie alitaka jambo moja tu: binti aje azalie kwake, karibu na hospitali, na arubaini yote, zile siku arobaini baada ya kujifungua, amtunze yeye mwenyewe. Lilikuwa jambo la kawaida. Lakini lazima liombwe kwa adabu, na liombwe mapema, kabla tumbo halijawa zito na barabara haijawa matope.

Kuandika barua Shurie hakujua. Kama wengi wa huko, alituma sauti yake. Unatia kaseti tupu, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, unazungumza. Ukimaliza unaifunga kwa kitambaa na kumpa Rage, dereva wa lori la mizigo. Ila kaseti ikifika Eldas haisikilizwi na mtu mmoja. Baba mkwe anakaa, mama mkwe anakaa, mashemeji wanakaa, jirani naye anajikohoza mlangoni. Kwa hivyo huwezi kurukia haja yako. Utaanza na salamu. Utauliza hali ya wazee na watoto, utauliza ngamia, malisho, mvua, kisima, hata punda. Ukimruka mtu, atajua umemruka.

Shurie hakumruka mtu. Shida ni kwamba alipofika mwisho wa salamu, betri nazo zilifika mwisho wa nguvu zake.

Jibu la Muslimo lilikuja na lori. Kwanza alisalimu watu wote, kisha akasema, "Hooyo, mama yangu, salamu zimefika zote, hata ya punda. Lakini baada ya punda sauti yako ilianza kukimbia, ikawa nyembamba kama ya kifaranga. Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta machozi. Ulikuwa unasema nini?"

Kerrow naye alicheka. Shurie hakucheka sana. Alirekodi kaseti nyingine, akaanza tena kwa wazee, akamaliza kwa punda. Jibu likarudi lile lile: kifaranga.

Ndipo Kerrow alipokwenda Mandera kwenye harusi ya mpwa wake, akarudi kifua mbele. Alikuwa amenunua betri nne kubwa, mpya, bado ziko kwenye nailoni. Mfanyabiashara alimwambia kwamba hizo ni za kuchaji. Hazitupwi kama zile nyingine. Zikiisha nguvu zinarudishiwa. Kerrow alimweleza Shurie habari hizo kwa kituo, kama mtu aliyezivumbua mwenyewe.

Redio ilitaka betri sita. Kerrow akatia zile nne mpya, akajazia mbili kuukuu. Akabonyeza. Redio ikatoa mlio kama wa mtu anayekoroma, basi. Kerrow akafikiri kidogo. Akasema bila shaka zinataka kurudishiwa nguvu, akapanda kwenye mtungi uliopinduliwa, akazipanga zote sita juu ya bati, jua la mchana likizipiga.

Shurie alimwangalia akishuka kwa magoti yale mabovu. Alimwambia kwamba hata nyama hugeuzwa upande wa pili.

Wakati huohuo Rage akatuma salamu. Lori lingeondoka Ijumaa baada ya sala, lifike Eldas, lirudi Garissa. Baada ya safari hiyo hakuahidi tena mpaka mvua ipite. Kiti cha mbele, karibu na dereva, kilikuwa wazi wakati wa kurudi, kama kuna mtu wa kukikalia.

Shurie alizishusha betri mwenyewe. Zilikuwa moto, na moja gamba lake limeanza kubanduka. Alizifunga kwenye ncha ya shashi, nguo yake ya kichwa, akaenda sokoni kwa jirani yake Jawahir. Kerrow alimfuata nyuma akinung'unika kwamba betri hazina daktari.

Jawahir alikuwa fundi wa redio. Kazi aliachiwa na marehemu mumewe, na duka lake lilikuwa na stima. Miwani yake ilifungwa kwa kamba ya kiatu. Alizipokea betri, akazigusa, akashtuka kwa joto lake.

"Adeer Kerrow," alisema, kwa heshima ya mtu anayemwita mzee baba yake mdogo, "hizi ulizinunua lini?"

"Juzi. Ni mpya kabisa. Zimenidanganya."

"Hazijakudanganya. Nikuulize. Umenunua ngamia Mandera, umemleta mpaka hapa njia yote bila maji. Akifika, unampeleka wapi?"

"Kisimani," alisema Kerrow. "Hata mtoto anajua."

"Basi mbona hawa umewaanika juani?"

 Shurie alijifunika uso kwa shashi, mabega yakitikisika.

Jawahir alimpa Kerrow kigoda, akamweleza polepole. Betri za kuchaji mara nyingi hufika dukani hazina nguvu ya kutosha. Zinataka kunywa kwanza ndipo zifanye kazi. Kisima chake ni chaja, na chaja hunywa kutoka kwenye stima. Jua la kwenye bati halizipi kitu. Joto linazidhuru tu, siku moja zitavuja. Aliwaonyesha chaja yake, upande wa alama ya kujumlisha na upande wa kutoa, na jinsi kila betri inavyolala kufuata alama.

Kisha akauliza zile mbili nyingine ni za nini. Shurie akasema ni kuukuu, za kujazia, akamsimulia na habari ya kaseti za Eldas na sauti ya kifaranga.

"Adeer, msafara wa ngamia waliofungwa mkia kwa mdomo unakwenda kwa mwendo wa nani?"

"Wa yule mgonjwa," Kerrow alijibu bila kufikiri. Halafu akazitazama zile betri mbili. "Ahaa."

"Betri za redio zimefungwa vivyo hivyo. Mbili dhaifu zinazirudisha zote nyuma. Na nguvu ikipungua, mkanda unakwenda polepole unaporekodi. Ukichezwa Eldas kwa redio yenye nguvu, maneno yako yanatoka mbio, unakuwa kifaranga."

Kerrow sasa alikuwa na hamu. Alizichukua zile kuukuu, akataka kuzitia kwenye chaja nazo zinywe. Jawahir alimshika mkono. Zile ni za kutumia mara moja, alisema. Ukizichaji zinaweza kuvimba, kumwaga maji yake ya sumu, hata kupasuka. Shurie akasema basi atazitia jikoni ziungue. Jawahir akakataa hilo pia, tena kwa ukali. Betri haitiwi motoni, wala haitupwi karibu na kisima au mahali watoto wanapocheza. Alikuwa na debe lenye mfuniko pale kona, akazitumbukiza humo.

Dukani kulikuwa na betri mbili za aina ile ile ya Kerrow, mpya pia. Wakazinunua. Sasa sita ni kundi moja, Jawahir akawaambia. Zinywe pamoja, zifanye kazi pamoja, zipumzike pamoja. Sauti ya redio ikianza kulegea, wasizikamue mpaka tone la mwisho, bali wazilete. Na wasizichaji leo wakazitumia mwezi ujao, kwa sababu hata ngamia aliyesimama tu anapata kiu.

Kerrow aliomba kalamu ya wino mzito. Akainama, ulimi umemtoka kidogo, akachora kwenye kila betri chapa ya ngamia wa ukoo wao, mstari na nusu duara. "Zisipotelee kwenye kundi la mtu," alisema.

Betri zililala dukani kwenye chaja. Asubuhi ya Ijumaa Shurie alizichukua, zina uvuguvugu kidogo tu. Zilipoingia kwenye redio, sauti ilipasua uwanja mzima, mbuzi wakainua vichwa. Kerrow akavuta kigoda chake asikilize habari. Shurie akaizima.

"Nguvu ya leo ni ya Muslimo," alisema. "Habari zako utazisikia betri zikishakunywa tena."

Kerrow aliinuka. Alienda kuwafunga mbuzi mbali wasilie, akarudi, akakaa karibu na redio.

Shurie alibonyeza vitufe viwili. Akaanza kwa baba mkwe na mama mkwe. Akaenda kwa mashemeji, mmoja mmoja kwa jina. Akauliza ngamia, malisho, mawingu na kisima. Akafika kwa punda. Hapo akanyamaza kwa mazoea na kuitazama taa ndogo nyekundu ya redio. Haikuwa imefifia. Mkanda ulikuwa unazunguka vizuri, kama jiwe la kusagia lililopata mkono. Kerrow alimwashiria kwa kidevu: endelea.

Shurie aliisogelea redio.

"Mama Yonis, mkwe wangu mwema, umemtunza binti yangu kuliko nilivyokuomba. Sasa nakuomba jambo moja, mbele ya wote wanaosikia. Niazime Muslimo kwa arubaini yake. Nitamrudisha na mtoto mikononi. Na wewe Muslimo, mwanangu, Yonis akikuruhusu, mje naye kwenye lori la Rage, ukae kiti cha mbele. Nataka uzalie hapa kwangu. Nataka mimi niwe wa kwanza kumshika."