Kompyuta ya Mke wa Fundi

"Umegusa nini tena?"

"Sijagusa kitu, mume wangu. Imewaka vizuri, nikafungua somo langu, ikaganda. Ona, hata mshale hauendi."

Fundi aliinama juu ya bega la mkewe, akacheka kile kicheko anachowachekea wateja wasiojua kitu. Akabonyeza vitufe viwili vitatu harakaharaka, na kompyuta ikazinduka.

"Unaona? Inamtaka mwenyewe. Kompyuta za mji mzima zinanitii, ila wewe ukizigusa tu zinazimia."

Mkewe, Mwalimu, hakucheka. Saa nane mchana shule moja ya mbali ilikuwa imsaili kupitia kompyuta hiyohiyo, afundishe huku wanamwona. Walikuwa wanatafuta mwalimu mkuu. Alishaitwa na shule nyingine mbili, na mara zote mbili mashine iliganda akiwa bado kwenye salamu, wakamwona mbabaishaji. Simu yake nayo kamera ilikufa tangu ilipotumbukia kwenye ndoo. Leo akikosa, basi tena. Atazeeka akiwa mwalimu msaidizi.

"Niruhusu nimwite fundi mwingine aitazame," alisema.

"Mke wa fundi amwite fundi mwingine? Unataka watu wanicheke?" Akambusu utosini. "Mimi nakupenda hivyohivyo, hata ukishindwa. Nani mwingine angekuvumilia?"

Na mwanamke wa watu akasema asante! Jamani, alishukuru kabisa. Mtu ukiambiwa kila siku kwamba hujui, unafika mahali unamshukuru anayekuvumilia.

Fundi alipoondoka kwenda kazini, kompyuta ikaganda tena. Mwalimu aliizima na kuiwasha, akaizima na kuiwasha, mpaka machozi yakamtoka. Ndipo akapiga moyo konde na kumpigia Miwani, yule dada mwenye miwani minene anayefanya kazi meza moja na mumewe na humwita kaka.

"Wifi, nisaidie, ila usimwambie kaka yako."

"Sema, wifi yangu. Ikiwaka inachukua muda gani kuganda?"

"Dakika chache tu."

"Ina joto? Feni inapiga kelele?"

"Wala. Imepoa kama maji ya mtungi."

"Sawa. Iwashe kwa hali salama, nitakuelekeza. Humo inawasha vile vya lazima tu."

Wakafanya hivyo. Wakasubiri. Mwalimu alizungusha mshale huku na huko, akafungua somo, akalifunga, akalifungua tena. Kompyuta ilikuwa nyepesi kabisa.

"Wifi, haigandi!"

"Basi mashine yako nzima. Kuna programu inajiwasha yenyewe kila ukiwasha, hiyo ndiyo inayokukaba. Utaona orodha ya zinazojiwasha. Zima nusu, tuanze upya. Ikiganda, mchawi yumo kwenye nusu iliyobaki."

Ikaganda. Wakazima nusu ya nusu. Ikaganda tena.

"Nisomee zilizobaki."

"Kuna ya printa. Kuna ya sauti. Na nyingine imeandikwa Tulia Mtoto."

Simuni kikasikika kiti kikisukumwa nyuma.

"Wifi? Umenisikia?"

"Nimesikia." Sauti ya Miwani ilikuwa imebadilika. "Hiyo nimeitengeneza mimi. Tunawauzia wazazi ambao watoto wao wanashinda kwenye michezo. Mtoto akikaa dakika chache, mashine inaganda. Mzazi ana vitufe vyake vya kuizindua."

"Sisi hatuna mtoto."

"Najua."

"Labda imejiingiza bahati mbaya?"

"Haijiingizi, wifi. Inataka neno la siri. Tunalijua wawili tu, mimi na mumeo." Miwani akavuta pumzi. "Nisamehe. Kila siku anatuchekesha hapa, eti mke wake akiigusa kompyuta inazimia. Na mimi nilikuwa nacheka."

Mwalimu akakumbuka alivyolia kifuani kwa mumewe baada ya usaili wa kwanza, na yule mume akamfuta machozi kwa kiganja kilekile kilichoiweka programu. Alitaka kupiga kelele. Badala yake aliizima Tulia Mtoto, akanawa uso, akavaa blauzi safi.

Kabla ya saa nane ujumbe ukaingia:

"Vipi mpenzi, imekubali? Kama imegoma usilie. Napitia dukani nikuletee soda."

Akajibu: "Imeganda."

Alifundisha vizuri siku hiyo kuliko siku zote. Alifundisha kugawanya kwa vifuniko vya chupa, mpaka wale wasaili watatu wakawa wanabishana wao kwa wao kuhusu jibu. Mkuu wa jopo, mama mmoja mwenye sauti nzito, akamwambia:

"Mwalimu, subiri hapohapo. Tunashauriana kidogo."

Wakazima sauti yao. Mwalimu akakaa, mikono mapajani, akikikodolea macho kioo cha kompyuta. Hivyo ndivyo Fundi alivyomkuta alipoingia na soda mbili. Kutoka mlangoni aliona mgongo wa kompyuta tu.

"Pole, mke wangu. Imekukatili tena?" Hata huruma aliipaka sukari. "Achana nayo. Kazi za wakubwa zina wenyewe. Njoo unywe."

"Tulia Mtoto ni nini?"

Chupa ziligongana mkononi mwake.

"Nani kakwambia?"

"Nimekuuliza wewe."

"Ni... nilikuwa naijaribu tu. Nikasahau kuiondoa."

"Usaili wa kwanza ulisahau. Wa pili ukasahau. Na leo asubuhi, ulipobonyeza vile vitufe vyako?"

"Punguza sauti."

"Kwa nini?"

Akaziweka chupa chini, na ukali ukamtoka. "Kwa sababu ungeniacha! Umeridhika? Ungekuwa mkuu, una nyumba ya shule, una watu wanasimama ukiingia. Ungerudi kwa fundi wa kibanda? Nilikuona unavyong'aa ukijiandaa. Sikupenda. Nakupenda ukinihitaji."

"Nililala nikijiona mjinga. Miezi yote hiyo."

"Na nani alikubembeleza? Si mimi?"

Hakuona hata aibu, na hilo ndilo lililomuuma mwalimu kupita yote. Alikuwa bado anampenda, tena sana, na alitamani mtu yule angalau ainamishe kichwa.

Kompyuta ikakohoa.

"Mwalimu?" ilisema ile sauti nzito. "Samahani. Sisi tulizima sauti yetu, yako ilikuwa wazi. Tumesikia."

Fundi akaganda pale aliposimama.

"Tulishakubaliana kabla mumeo hajaingia," mama aliendelea taratibu. "Kazi ni yako. Limebaki swali moja tu, na leo naliuliza kwa uzito. Kwenye barua yako ya maombi ulituomba nyumba ya familia. Ulisema huhami bila mume wako, na ukatuomba tumtafutie na yeye kazi kwenye chumba chetu cha kompyuta. Nafasi tumempatia, inamsubiri. Tuandike hivyo?"

Fundi alimtazama mkewe. Akapiga magoti kwenye sakafu, akashika pindo la blauzi yake.

"Mke wangu," alinong'ona. "Sikujua."

Mwalimu aliliondoa pindo vidoleni mwake, taratibu, kama anavyofanya kwa watoto wa darasa la kwanza wasiotaka aondoke. Machozi yalimshuka, hakuyafuta.

"Andika nyumba ya chumba kimoja, mama," alisema. "Nakuja peke yangu."