Miti Uliyosema Haipukutishi Majani

"Mama, hii miti ya uani imekuwaje? Imekauka?"

Mama mkwe mtarajiwa alikuwa ameketi kizingitini, ungo wa maharage mapajani. Akacheka mpaka ungo ukatikisika.

"Ikauke ina nini? Ndiyo kawaida yake, mwanangu. Kiangazi kikishika kasi inapukutisha majani yote, inabaki mifupa mitupu. Kila mwaka! Baba yao alipoipanda nilimwambia, mume wangu, umeniletea miti au umeniletea kazi ya kufagia?"

Binti hakucheka. Alishika nguzo ya mlango kwa mikono miwili.

Katikati ya matawi yale matupu alikuwa anayaona machimbo ya mawe ya chokaa, yote, tangu chini hadi juu. Ukuta mweupe uliokatwa kilimani, na juu yake mgongo wa kilima uliobaki, umekaa peke yake.

Mchumba wake alimpa jina la Macho, kwa sababu kazi yake ni kutazama. Kampuni ya machimbo ikiomba kibali cha kuendelea kuchimba, yeye hutumwa kupima macho ya watu yatapoteza nini. Huchagua mahali, hupigilia kigingi chekundu, hupiga picha, kisha huandika: athari ndogo, ya kati au kubwa. Na kazi hiyo ina sheria moja ambayo hata mwanafunzi anaijua. Kama mbele ya nyumba kuna miti, piga picha wakati haina majani.

Alikuja hapa wakati wa masika, miti imefunga kama pazia. Mchumba wake ndiye aliyemshikia kigingi. Yeye ni dereva wa ule mtambo wa kuchimbia ambao watu huuita kijiko, na jina likamganda, naye akaitwa Kijiko.

"Hii miti hupukutisha majani?" Macho alimuuliza siku ile.

"Hii? Haijawahi! Mwaka mzima kijani."

"Mama yupo nimuulize?"

"Yuko kwa mama mdogo. Kwani mimi sikuzaliwa hapa, mpenzi?"

Akambusu shavuni. Basi Macho akaandika: athari ndogo. Ee, mapenzi haya! Mtu na elimu yake yote, anabusiwa shavuni anasahau kuuliza mara ya pili.

Leo alikuja kwa mambo ya harusi tu, kujaribu gauni ambalo mama mkwe alikuwa anamshonea. Na kikao cha kuamua kibali ni keshokutwa.

"Unaliona lile jiwe la juu kabisa?" mama mkwe akasema, akionyesha kwa kidevu. "Baba yao akitoka kazini alikuwa anapita pale. Nikimwona juu pale, nabandika maji ya kuoga. Mwenyewe hayupo siku nyingi, lakini jioni macho bado yananipeleka palepale."

"Na kampuni ikiongezewa kibali, mama?"

"Kijana wangu kaniambia huko hawafiki."

Macho aliijua ramani ya maombi ya kibali kwa kichwa. Mgongo wote wa kilima ulikuwa unaondoka, na jiwe lake.

Akatoka hadi nyuma ya nyumba, akapiga simu.

"Macho wangu! Umefika kwa mama? Gauni limekukaa?"

"Miti ya mama haina hata jani moja."

Huko kwake ngurumo ya mtambo ikazimika.

"Nilitaka kukuambia," Kijiko akasema.

"Lini? Baada ya harusi?"

"Nisikilize. Kibali kikipita wananipa usimamizi wa zamu. Kisipopita, upande wa zamani unaisha karibuni, sote tunatoka. Ningekuoa halafu nikae nyumbani nakusubiri urudi kazini?"

"Ungeniambia hivyohivyo! Ningeandika ukweli, tungelia wote, na bado ningeolewa na wewe."

"Ni majani tu, mpenzi."

"Ulijua nakupenda. Ukajua sitauliza mara mbili. Hicho ndicho kinaniuma, si majani."

Alimsikia anavuta kamasi. Mwanaume mzima.

"Nifanye nini, Macho? Niambie."

"Njoo kikaoni. Wakiuliza, simama useme mwenyewe. Ukisimama, harusi iko palepale, na mengine tutayabeba wawili."

"Nitasimama. Haki ya Mungu nitasimama."

Macho akafuta uso, akaitoa kamera, akaenda kwenye kigingi chake chekundu.

"Unapiga tena?" mama mkwe akauliza. "Si nilisikia ile ya kwanza ilitoka vizuri?"

"Ilitoka vizuri mno, mama. Ndiyo ubaya wake." Akameza mate. "Mama, ule mgongo umo kwenye maombi yao. Wote."

Mama mkwe aliendelea kuchambua maharage, ila sasa alikuwa anatupa mazima na kubakiza mawe.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Picha mbili zikawekwa ukutani, moja ya kijani, moja ya matawi matupu na ukuta mweupe nyuma yake.

"Dada," mwenyekiti akasema, "ripoti yako ilisema athari ndogo. Leo unasema kubwa. Tushike lipi?"

"La leo, mheshimiwa. Ya kwanza nilipiga miti ikiwa na majani, nikaandika kwamba haipukutishi."

"Nani alikuambia haipukutishi?"

Kijiko alikuwa benchi la nyuma, amevaa shati alilonunuliwa na Macho. Mbele yake waliketi wakubwa wa kampuni. Macho akamtazama, akasubiri. Benchi likalia. Moyo wake ukaruka kwa furaha, kumbe Kijiko alikuwa anakunja mguu tu.

"Niliambiwa na mtu niliyemwamini."

"Mtu huyo hana jina?"

Akamsubiri tena. Kijiko alikuwa anatazama viatu vyake kana kwamba amevivaa leo kwa mara ya kwanza.

"Kosa liandikwe langu," Macho akasema. "Aliyeandika ni mimi."

Kikao kikakataa mgongo wa kilima kuguswa. Kampuni ikaachiwa imalizie upande wa zamani. Macho naye akaambiwa na ofisi yake akabidhi kamera. Alikuwa bado kwenye ngazi za nje, begi tupu begani, meseji ikaingia:

"Asante kwa kutonitaja. Wewe ndiye mwanamke wa kuoa. Nakupenda sana."

Akaketi hapohapo kwenye ngazi, akalia bila kujali nani anapita. Simu ikaita.

"Umeona meseji yangu?"

"Nimeiona."

"Kwa hiyo tuko sawa?"

"Nilikupa nafasi ya kusimama mara mbili."

"Mabosi walikuwa mbele yangu pale! Halafu wewe mwenyewe hukunitaja. Si kwa sababu unanipenda?"

"Nakupenda. Nilinyamaza ili useme wewe."

"Basi nivumilie, nitabadilika. Utaona."

"Kazi yangu ni kutazama, Kijiko. Nimekutazama."

Akakata simu. Pete ilikataa kutoka kidoleni, ikabidi ailowanishe kwa mate.

Wiki ikapita. Asubuhi moja mama mkwe akapiga simu, na Macho nusura asipokee.

"Mwanangu, umeamkaje?"

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kijana wangu kaniambia yote. Kalia hapa kizingitini kama mtoto, na mimi sikumbembeleza."

"Pole, mama."

"Kwa wasiwasi nimeamka nikatazame. Jiwe la baba yao lipo. Kilima kipo."

"Nimefurahi, mama. Nimefurahi sana."

"Gauni lako nimelimaliza. Liko kabatini." Sauti ya mama ikaanza kuyumba. "Kilima kimenibakia, mwanangu. Wewe mbona hukunibakia?"

Mama hakukata simu, na Macho hakukata. Wakakaa hivyo, kila mmoja anamsikia mwenzake akilia.