Redio Isiyohama Stesheni

Wilber Ayala aliegesha gari pasiporuhusiwa, mbele kabisa ya vibanda vya simu katikati ya San Salvador, na honi zikaanza kumtukana kabla hajafunga mlango. Mkononi alishika kicheza muziki kidogo, saizi ya kiberiti cha gesi.

"Dada, nataka hiki kiimbe kwenye redio ya gari."

Msichana wa kibandani aliinua uso. Alivaa blauzi ya njano iliyopigwa pasi vizuri, na nywele alizibana juu kwa kalamu ya wino.

"Redio yako ina tundu la kuchomekea waya?"

"Haina."

"Basi inacheza kaseti."

"Ilimeza moja tangu enzi za marehemu baba, mpaka leo haijaitapika."

"Sasa una nini, kaka?"

"Nina stesheni moja. Kitufe cha kuhamisha kimevunjika."

Msichana alicheka, akachukua kijidude cheusi kilichoning'inia ukutani, akatoka nacho. Ndani ya gari kulinukia mkate, kwa sababu Wilber alikuwa msambazaji wa mkate madukani. Msichana alikichomeka kijidude kwenye tundu la kuwashia sigara, waya wake akauingiza kwenye kicheza muziki.

"Hiki kinarusha muziki hewani, redio inaudaka," alisema akibonyeza namba. "Tunakipa namba ya stesheni yako hiyo hiyo. Kwa kuwa kiko karibu, kitaifunika."

Mtangazaji wa mpira redioni alikohoa, akapotea, na magitaa ya wimbo wa taratibu yakajaa gari zima. Msichana alisahau kushuka. Alikaa akiwa ameegemeza kichwa, macho ameyafumba.

"Wee bibi!" dereva wa teksi alipiga kelele nyuma. "Shuka, au muhamie humo kabisa, lakini barabara tuachieni!"

"Unaitwa nani?" Wilber aliuliza haraka.

"Idalia. Na huo wimbo usiufute."

*

Hakuufuta. Siku zilizofuata ulikuwa wimbo wao. Jioni alipomaliza kugawa mkate alimpitia kibandani, wakala pupusa, chapati nene za mahindi zenye jibini, wakiwa wamesimama, kabichi ya siki ikiwachuruzika vidoleni.

"Kula taratibu, kipenzi, hakuna anayekunyang'anya."

"Wewe unaninyang'anya. Hiyo ya tatu ilikuwa yangu."

Kisha alimrudisha, lakini kila mara aliishia kituo cha mafuta, pale barabara ya El Tempisque, mtaa wa Idalia, inapoanza kupanda. Hakuwahi kuvuka hapo. Idalia alipomuuliza anakaa wapi, alijibu, "Kule juu, kaskazini." Alipotaka kujua kaskazini ipi, Wilber aliuliza kama ana kiu.

Ukweli ni kwamba Wilber alipanga chumba Las Dalias, ng'ambo ya bonde. Kutoka dirishani kwake aliweza kuona mabati ya El Tempisque. Lakini mtaa ule ulishikwa na vijana wa genge moja, na wa kwake ulishikwa na wa genge hasimu, na watu wa mitaa hiyo hawakutembeleana, hata kwenye msiba. Mtu hakuhitaji kuwa mmoja wao ili auawe. Ilitosha kitambulisho chake kiwe na anwani ya ng'ambo. Fundi bomba mmoja wa Las Dalias aliitwa kuziba bomba El Tempisque, akaenda na begi lake la spana, na mkewe bado anamsubiri.

Wilber aliogopa kumwambia Idalia, maana binti aliyejulikana kuwa na mwanamume wa ng'ambo naye hakuwa salama. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Nyingine, ambayo hakupenda kuitazama, ni kwamba aliogopa angeachwa.

Jumapili moja simu yake iliita.

"Wilber, una mke."

"Mke? Mke gani, moyo wangu?"

"Huyo unayemficha kaskazini. Nyumbani kwangu hufiki, kwako hunipeleki. Mimi si mtoto."

"Idalia, nisikilize, kuna jambo..."

"Jambo lina watoto wangapi?"

"Siwezi kulisema kwenye simu."

"Basi mwambie mkeo akusaidie kulisema."

Akakata. Wilber alipiga tena na tena. Kila mara alipofika "nisikilize", simu ilikatwa. Mwishowe Wilber alifanya kitu ambacho kwake kilionekana cha busara. Kicheza muziki kile kilikuwa na kipaza sauti kidogo cha kurekodia. Alikaa kitandani, akakisogeza mdomoni, akasema yote: "Idalia, ni mimi, Wilber. Sina mke. Ninakaa Las Dalias, nyumba ya bluu nyuma ya kanisa. Nilikuficha kwa woga." Akaipanga sauti hiyo ifuate mara tu baada ya wimbo wao. Siku atakapompata ndani ya gari, aliwaza, ataanzisha wimbo na kunyamaza. Redio hakuna wa kuikatia simu.

*

Nafasi ilikuja siku ambayo hakuna aliyeiomba. Vijana wa magenge yote mawili walitoa amri mabasi yasitembee, na asubuhi ile hakuna basi lililotoka. Alasiri jiji zima lilikuwa linatembea kwa miguu: manesi na sare zao nyeupe, wanafunzi, wazee wenye viatu mkononi.

"Wilber," sauti ilisema kwenye simu. "Sijakusamehe. Gari lako lina mafuta?"

Alimkuta mbele ya kibanda kilichofungwa, amekumbatia mfuko wenye barafu. Ndani yake mlikuwa na insulini ya mama yake, niña Chayo, kama majirani walivyomwita kwa heshima. Dozi ya mwisho nyumbani ilikuwa imetumika jana.

"Barafu inayeyuka," alisema akiingia. "Tusiongee mambo mengine."

"Sawa. Niweke muziki?"

"Weka."

Foleni ilisogea polepole. Wimbo ulianza, ukaimba, ukafika ubeti wa mwisho, na kidole cha Wilber kikaurudisha mwanzo. Akajiambia, tukivuka mzunguko wa barabara nitauacha uishe. Walipouvuka, akaurudisha tena.

"Leo umebakiza wimbo mmoja tu?" Idalia aliuliza.

"Unaupenda."

"Niliupenda."

Kituo cha mafuta walikikuta kimefungwa kwa minyororo. Idalia alishika mpini wa mlango. Hapo ndipo risasi zilipolia, nyuma ya ukuta wa shule, kavu kama mbao zinazogongana. Mwanamke aliyekuwa akipanda mlima na ndoo kichwani aliiacha ianguke, akakimbia.

"Nishushe tu hapa."

"Kaa," Wilber alisema. Sauti yake haikuwa yake. "Nitakufikisha."

Idalia alimtazama kwa mshangao, kwa sababu alijua mtu huyu hugeuza gari hapa siku zote.

Walipokaribia mdomo wa mtaa, Idalia alifanya yale ambayo kila mkazi aliyafanya bila kufikiri: vioo vyote chini, taa za mbele zizimwe, taa ya ndani iwake ili nyuso zionekane, muziki uzimwe. Alibonyeza kitufe cha redio, kukawa kimya.

Vijana watatu walikaa nje ya duka kwenye kreti za soda. Kwenye msumari juu yao redio ilitangaza mpira kwa sauti ya juu. Mmoja wao, Zurdo, aliyewahi kusoma darasa moja na Idalia, alinyanyuka akiwa na mkono mmoja ndani ya shati.

Gari lilipofika mbele yao, mtangazaji wa mpira alikohoa, akapotea. Redio ya msumarini ikaanza kuimba magitaa ya taratibu.

Wilber alielewa mara moja. Redio ya gari ilikuwa imezimwa, lakini kicheza muziki hakikuzimwa, wala kijidude kwenye tundu la sigara. Vilikuwa bado vinarusha, na redio iliyokuwa karibu ilikuwa ya hawa. Ubeti wa mwisho ulikuwa umeanza. Ukiisha, sauti yake mwenyewe ingetoka pale msumarini na kutaja nyumba ya bluu nyuma ya kanisa.

Alinyoosha mkono.

"Wee! Mikono kwenye usukani!"

Akaurudisha. Zurdo aliizungusha redio yao, akaipiga kofi. Magitaa yaliendelea.

"Nani kagusa stesheni?"

"Hakuna, kaka. Imejigeuza."

Mwimbaji alianza kuvuta neno la mwisho. Wilber alitaka kumwambia Idalia chomoa, lakini vijana wangemsikia.

Idalia alicheka. Kilikuwa kicheko cha kibandani, cha kumtuliza mteja mkorofi. "Zurdo, acha kuipiga redio ya watu. Ni hiki kidude chetu." Akachomoa. Msumarini, uwanja mzima ulikuwa ukipiga kelele.

"Tumefunga?" aliuliza mmoja.

"Tumefungwa."

Zurdo aliinama dirishani. Pumzi yake ilinukia vitunguu. "Hebu nione." Alikitazama kicheza muziki kwa mapenzi. "Kinabeba nyimbo ngapi?"

"Nyingi kuliko utakazocheza harusini kwako."

"Nipe basi."

"Hapana," Wilber alisema. Neno lilimtoka lenyewe.

"Hapana?" Zurdo aliuliza polepole. "Huyu ni nani?"

"Wangu," Idalia alisema. "Ana uchoyo, ndiyo kasoro yake. Chukua, Zurdo, zawadi." Aliuchomoa waya, akakizima, akamwekea kiganjani.

"Anakaa wapi?"

"Akiwa na adabu, kwangu. Leo sijaamua."

Wale wengine waliangua kicheko. Zurdo naye akacheka, akagonga paa la gari. "Piteni. Nyie, kanitafutieni hedifoni."

*

"Nimetuokoa na wewe unanuna?" Idalia alisema walipokunja kona. "Kichezeo tu! Nitakupa kingine."

"Baada ya wimbo kuna sauti yangu."

"Sauti gani?"

"Niliyokurekodia. Inasema ninakaa Las Dalias."

Gari lilipita milango mitatu. Kisha Idalia alimpiga begani kwa ngumi, mara mbili, kwa nguvu zake zote.

"Las Dalias! Huyo ndiye mke wako? Las Dalias?"

"Ndiye."

"Na ukaingia humu?"

"Barafu ilikuwa inayeyuka."

Idalia aligeukia dirisha.

Niña Chayo alikuwa jikoni akikoroga maharage. Wakati binti yake akimchoma sindano alisikiliza habari yote bila kukatiza, akauliza swali moja.

"Hedifoni anazo?"

"Wanamtafutia."

Mama alizima moto. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka mezani kana kwamba kesho ataivaa. Wakachukua vitambulisho, dawa, shali moja. Mlango waliufunga kwa ufunguo, ingawa wote watatu walijua hawatarudi.

Njia ya kutoka ilikuwa moja tu. Vioo chini, taa ya ndani. Zurdo alikuwa kwenye kreti, waya mweupe ukimning'inia sikioni, akijipigapiga paja kwa mdundo. Aliinua mkono.

"Mnaenda wapi tena?"

"Mama sukari imepanda," Idalia alisema. Kiti cha nyuma niña Chayo alitoa mguno ambao haukuhitaji kuigizwa sana.

Zurdo alisogea, sikio moja bado likisikiliza. "Wimbo mtamu huu. Ngojeni, nani anaimba?"

Waya mweupe ulikuwa karibu na Wilber kiasi kwamba aliyasikia magitaa, madogo kama mdudu. Ubeti wa mwisho.

"Mwanangu," niña Chayo alisema, "nimekuuzia uji wa mahindi tangu huna meno ya mbele. Leo utaniacha nife hapa mlangoni kwa sababu ya mwimbaji?"

Zurdo aliona haya. Alirudi nyuma hatua moja. "Pita, niña Chayo. Upone."

Wilber hakukimbiza gari. Alijua akikimbiza amekwisha. Kwenye kioo cha nyuma alimwona Zurdo akiketi, akipiga paja. Kisha mkono ukatulia. Zurdo aliukandamiza waya sikioni, kichwa akakiinamisha kama mtu anayeitwa kwa mbali.

"Usigeuke," Idalia alinong'ona. "Teremka tu."

Kulikuwa na mluzi nyuma yao, mrefu, kisha mwingine ukaujibu. Wilber akakanyaga mafuta.

*

Waliiacha barabara kuu ya jiji, wakashika ile ya kwenda Sonsonate. Dada yake niña Chayo aliishi Juayúa, milimani, mahali ambapo hakuna aliyewajua. Las Dalias wasingeweza kwenda. Huko kitambulisho cha Idalia ndicho kingekuwa hatia. Jua lilikuwa linazama mbele yao, na kila gari lililowapita lilifanya mabega yao yainuke.

"Niña Chayo," Wilber alisema hatimaye, "nimekutoa nyumbani kwako. Najua sina haki ya kuomba kitu."

"Umenitoa kwenye maharage yangu. Omba."

"Naomba mkono wa binti yako."

"Mimi si trei ya mkate," Idalia alisema. "Niombe mwenyewe. Na kwa mdomo wako, bila mashine."

"Idalia, nilikudanganya kwa sababu niliogopa. Bado naogopa. Sina chumba, na nadhani kuanzia kesho sina kazi. Utaolewa na mimi?"

"Ungeniambia siku ya kwanza, ningekukimbia."

"Najua."

"Nisingerudi."

"Najua."

Pikipiki ilitokea nyuma, taa yake ikikua. Iliwakaribia, ikakaa ubavuni mwao kwa muda, ikawapita. Mwendeshaji alikuwa mzee mwenye kuku wawili nyuma.

Idalia alishusha pumzi. Aliushika mkono wa Wilber kwenye gia, akaukuta umelowa jasho kama wake.

"Ndiyo," alisema, macho yake yakiwa kwenye kioo cha nyuma.