Tone Lililokataa Kuvimba

Kila asubuhi kabla ya shule, Bosi alikanda unga na baba yake. Jina hilo alipewa na baba mwenyewe, maana tangu udogoni alisimama juu ya kreti akiwaamuru watu wazima: "Bado hilo! Ongeza maji!" Bekari yao ilikuwa chumba kimoja chenye tanuri na meza ndefu ya mbao. Nyuma kulikuwa na stoo, ambako paka wao mnene, Mlinzi, alilala juu ya magunia ili panya wasithubutu.

Siku za karibuni, Bosi akienda tu stoo kuchota unga, chafya zinaanza, macho yanawasha na kuvimba.

"Leo mikate ina chumvi ya puani!" kaka yake alimtania.

Mama hakucheka. Alinunua vidonge vya kutuliza mzio, ile aleji ya kila siku, akasema, "Nahisi ni unga. Tukapime. Ikiwa ni unga kweli, bekari basi."

Bosi aliyarudia maneno hayo moyoni. Bekari basi? Akae nyumbani akinusa mikate ya wenzake?

Muuguzi wa kliniki alikuwa amewaonya kwamba wiki nzima kabla ya kipimo cha ngozi Bosi asimeze vidonge vile, kwa kuwa vinazuia ngozi isijibu. Mama akavificha juu ya kabati. Lakini jioni ya kuamkia kipimo, Bosi alipanda kiti, akameza kimoja.

Kliniki, alikopelekwa na baba, muuguzi alimchora alama za kalamu mkononi. Kwenye kila alama akaweka tone: la unga, la vumbi, la manyoya ya paka na mengineyo. Kisha akadunga kila tone kidogo kwa kisindano.

"Umeumia?"

"Hata. Kama mwiba uliokata tamaa."

Wakangoja. Ngozi ikabaki bapa kama donge lililosahauliwa hamira. Bosi akashangilia moyoni. Lakini muuguzi alikunja uso, akaliinamia tone la mwisho.

"Hili halina unga wala paka. Humvimbisha kila mtu, hata mimi. Ndilo linaloniambia kama ngozi inajibu. Lisipovimba, siwezi kuyaamini haya mengine. Binti, umemeza dawa?"

Baba akadakia, "Hapana, dada. Dawa mama yake kazificha. Na mwanangu hanidanganyi."

Heri angemkaripia! Bosi alitazama viatu vya baba vilivyojaa unga, machozi yakamtoka.

"Nimemeza, Baba. Niliogopa utanifukuza bekari."

Baba akamfuta machozi. "Nikufukuze wewe? Nani ataniamuru?"

Muuguzi akatabasamu. "Tuna njia mbili. Mkae wiki bila kidonge, turudie ngozi. Au tuchukue damu leo. Kipimo cha damu hakizuiwi na kidonge, ila majibu yake yatachukua siku kadhaa."

Bosi, anayekimbia sindano tangu azaliwe, akafumba macho na kunyoosha mkono. "Damu. Leo hii, kabla sijabadili mawazo."

Majibu yalipotoka, daktari hakukimbilia kutoa hukumu. "Unga, hakuna kitu. Paka, kipo, tena kikubwa. Lakini karatasi peke yake haitoshi. Ukila mkate unapata shida?"

"Shida ni ukiisha, daktari."

"Na chafya zinaanzia wapi?"

Bosi akafikiri. "Stoo. Kwenye magunia anapolala Mlinzi!"

Baba alishusha pumzi ndefu, akacheka mpaka akafuta macho. Siku ileile magunia yalikung'utwa, stoo ikapigwa deki. Mlinzi akahamia kwa fundi viatu wa mtaa wa pili, aliyekuwa akililia paka kwa sababu panya walikula ngozi zake.

Chafya zikapungua, kisha zikaisha. Asubuhi moja mezani, baba alisema, "Mwanangu, kama kidonge chako kingefaulu, tungeambiwa huna mzio wowote. Paka angebaki palepale, nawe ungeendelea kuumwa huku sote tusijue kwa nini. Ukiogopa jibu, niambie, tuogope wote wawili. Lakini kipimo tukiache kiseme kweli, ndipo kitatusaidia."

"Nimekuelewa, Baba."

"Haya, Bosi. Donge linasemaje?"

Bosi akalibonyeza kwa kidole, macho yake meupe pe.

"Bado hilo. Ongeza maji!"