Konde Lililomkuta Elieth

Kila jioni Elieth aliosha vyombo harakaharaka, akakimbilia uwanja wa Mkonze kabla mama yake hajapata jambo lingine la kumtuma. Hata darasani miguu yake haikutulia chini ya dawati: mbele, nyuma, pembeni. Jumamosi kulikuwa na pambano la ngumi la vijana kule Ihumwa, naye alikuwa amechaguliwa.

"Ngumi kila mtu anazo," Kocha Hashimu alizoea kusema. "Bondia ni miguu na kichwa. Konde likija lisikukute."

Jumatano lilimkuta. Kocha alikuwa amegeuka kumfunga mwenzao glovu. Elieth alichelewa kuinama, na konde la rafiki yake Naima likatua juu ya sikio. Uwanja ukazunguka.

"Umeumia?" Naima akashtuka.

"Wala! Usimwambie kocha."

Asubuhi kichwa kilimgonga. Alitapika chai, na mama yake alipouliza, akasingizia maharage ya jana. Shuleni maandishi ubaoni yalicheza.

Jioni akaenda mazoezini vilevile.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Haya, tuione miguu."

Aliruka kushoto, mguu ukaugonga mwenzake, akapepesuka. Akarudia. Akapepesuka tena.

"Una nini wewe?"

"Nimechoka tu, kocha."

Naima alishindwa kuvumilia. "Anadanganya! Jana nilimpiga kichwani. Leo shuleni alikuwa anatembea kwa kushika ukuta."

Elieth alimkazia macho kwa hasira, kisha machozi yakamtoka. "Nawaona Naima wawili," akanong'ona. "Nilijua ukisikia utaniondoa."

"Na kweli nakuondoa," kocha akasema, huku akimvua glovu. Akampigia simu mama yake Elieth, wakampeleka hospitali. Daktari alisema ubongo umetikisika: apumzike, asipigane mpaka apimwe tena.

Jumamosi Naima alipanda ulingoni badala yake, akashindwa kwa pointi. Elieth alilia nyumbani, akigaagaa kitandani kama aliyelalia siafu.

Wiki kadhaa zilipita. Maumivu yakaisha, daktari akamruhusu, akarudi uwanjani na mama yake.

"Bado umenikasirikia?" Naima aliuliza.

"Kidogo. Rusha!"

Naima akarusha. Elieth akahama pembeni, akainama, konde likapita juu ya nywele. Mama yake akapiga kigelegele.

Kocha Hashimu aliwaita wote wawili. "Kukwepa konde ni ufundi, wanangu. Kukwepa kusema unapoumia ni hatari. Pambano likipita lipo jingine. Kichwa kikiharibika, hakina mbadala."