Mstari wa Chaki kwenye Shafti

Aliyekufa ni mjomba wangu, kwa hiyo msiniambie nipunguze hasira.

Kazi ya mjomba ilikuwa kupaka mashine grisi kwenye kinu cha unga. Kila asubuhi, kabla mashine haijawashwa, alichora mstari wa chaki kwenye shafti kubwa, ule mhimili wa chuma unaozungushwa na mkanda wa mota. Chuma kilichong'arishwa kikizunguka hudanganya macho, huonekana kimesimama tuli, na kelele za mle ndani hazikuachii sikio la kukusaidia. Ukiona weupe unapepesa, inazunguka. Usipoona ukipepesa, peleka mkono upake grisi.

Siku moja wageni walikuwa wanakuja. Msimamizi akapita na kitambaa akaifuta chaki, eti inachafua mashine. Hakumwambia mtu. Saa nne mjomba alitazama, hakuona weupe, akapeleka mkono wa kulia. Shafti ilimkamata kwenye kifundo cha mkono, ikamvuta mzima mzima.

Ripoti ya msimamizi ilisema uzembe wa marehemu. Mtu aliyepaka grisi miaka ishirini na mbili bila mkwaruzo, leo mzembe! Nilimfuata ofisini. Alinijibu huku akichokonoa meno kwamba hata kipofu angeona inazunguka.

Dada yangu hutengeneza redio. Hakulia msibani, alikaa mezani akilehemu. Alichounda kilikuwa kidogo: betri, taa nyekundu, na swichi inayojifunga sumaku ikipita karibu. Sumaku yenyewe aliigandisha kwenye shafti. Kila mzunguko mmoja, taa inawaka mara moja.

Tulimwita msimamizi, tukawasha mashine. Shafti ilionekana imelala. Taa ikawaka na kuzima haraka haraka. Dada akamwambia aitazame vizuri, kisha airekebishe ripoti. Msimamizi akazima umeme, akautoa mkanda wa mota kwa mkono wake, akatuamuru tubebe takataka zetu tuondoke.

Taa ikawaka.

Ikazima. Ikawaka tena, polepole. Shafti haikuwa na mkanda. Niliigusa. Ilikuwa ya baridi, na haikusogea.

Nilidhani waya umelegea. Dada akaibandua sumaku, akaifumbata. Taa iliendelea.

"Sumaku ninayo mimi," alinong'ona.

Hapo tukauona mstari. Mweupe, mnyoofu, pale pale alipokuwa akiuchora mjomba. Msimamizi akaufuta kwa kiganja. Ukarudi. Akaufuta tena, akitukana. Ukarudi. Mara ya tatu aliurudisha mkono wake haraka, akautazama. Chaki ilikuwa imemzunguka kwenye kifundo.

"Andika," dada alisema.

Aliandika pale pale: alama niliifuta mimi. Alipoweka sahihi, taa ilizima.

Mke wa mjomba aliisoma karatasi ile mara mbili, akaikunja, akaingia chumbani. Mimi nilitegemea hasira itaisha. Haijaisha. Karatasi haifufui mtu.

Msimamizi aliacha kazi. Nasikia amejaribu sabuni, mafuta ya taa, hata msasa. Siku hizi huvaa mikono mirefu hata jua likiwaka.

Jumatatu iliyopita nilipanga foleni nyuma yake dukani. Ilikuwa saa nne asubuhi. Aliponyoosha mkono kuchukua mkate, shati lilipanda kidogo. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa.

Mstari ulikuwa unapepesa.