Begi Lisilovuja

"Hilo la ngozi liweke chini, Bwana Afya. Litakuozea kabla hujafika Nzega."

"Wewe ndiye fundi?"

"Kwani unamwona mwingine?"

Akacheka. Alikuwa amelowa kuanzia kofia mpaka soksi, na matope ya pikipiki yake yalikuwa yameshachafua sakafu niliyofagia asubuhi. Ilikuwa Novemba ya mwaka wa Operesheni Vijiji, na mvua ya Tabora ilikuwa haina adabu kabisa. Karakana ilikuwa ya baba yangu, Mzee Selemani, pale Cheyo. Tulishona mahema, maturubai ya malori na mabegi ya safari. Mimi Zamda, binti yake wa pekee, nilishika sindano ya shazia kabla sijashika kalamu.

"Naitwa Twalibu," akasema. "Kwetu Ujiji. Hebu tazama hii aibu."

Akafungua mkoba wake wa zamani. Vidonge vya klorokwini vilikuwa uji. Kadi za kliniki zimegandana.

"Vijiji vitatu nimefika hivi. Watu wamehamishwa juzi, wanalala kwenye vibanda vya nyasi, watoto wanaungua homa. Mimi nawapelekea uji."

Nikaacha kumtania. Nikamvutia kigoda.

"Sikiliza basi. Ngozi inapendeza, lakini inakunywa maji. Mpira wa tyubu hauingizi maji, ila jua la Tabora litaupasua, na ndani utatoa jasho. Chukua turubai zito, nilipake nta ya nyuki ya Sikonge, mishono yote mara mbili."

"Na upande wa ekzosi? Nta si itayeyuka?"

Nikamtazama vizuri. Wateja wote niliowahi kuwaona huuliza bei kwanza.

"Upande huo naweka bati, na juu ya bati kipande cha ngozi."

"Niwekee na mfuko wa siri ndani. Wenye kifuniko cha kufunga vifungo. Kwa barua."

"Barua za nani?"

"Sijaandikiwa bado," akasema, na mimi mjinga nikaona uso unaniwaka moto.

Siku alipokuja kuyachukua mabegi yake mawili, baba alikuwa kwenye jaribio. Kwetu begi halijaribiwi kwa kumwagiwa maji juu. Linajazwa maji ndani mpaka shingoni, linatundikwa kwenye boriti toka adhuhuri mpaka alasiri, na gazeti kavu linatandikwa chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Maji yasipotoka, hayataingia. Angalia gazeti."

Lilikuwa kavu. Twalibu akaliokota, akaligeuza kama haamini.

"Kazi hii ya kujaribu naifanya mwenyewe," baba akasema. "Zamda anashona, mimi napima. Simwachii mtu."

Maneno hayo Twalibu aliyashika. Laiti asingeyashika!

Basi ikawa kila akirudi safari lazima apite. Mara mkanda umelegea, mara kifungo kimetoka. Mkanda wenyewe haukuwa na kasoro yoyote, na wote wawili tulijua. Alikuwa akikaa kwenye kigoda, mimi nashona, ananisimulia Nzega, Bukene, Puge, watu aliowakuta, pikipiki ilivyomwangusha mtoni. Dawa hazikulowa tena hata siku moja.

"Zamda, mtoto mmoja kule Puge alikuwa ameshakata kauli. Vidonge vikafika vikavu. Jana nimemkuta anakimbiza mbuzi. Nikamwambia mama yake, dawa yangu, begi la Zamda."

Nikajifanya nimechomwa na sindano ili nifute macho.

Siku nyingine tukaongea ya posa, kwa mzaha.

"Mzee wako mkali. Mtu akileta barua, naye akikataa, anasemaje?"

"Baba hasemi hapana. Yule fundi saa wa Ng'ambo alileta wazee wake na barua. Baba aliiweka siku tatu, halafu akairudisha vilevile, ndani ya bahasha yake, bila neno. Wakaelewa."

"Basi? Hata neno moja?"

"Bahasha ikirudi, imerudi. Neno la nini tena?"

Nilicheka wakati nasema. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Mwaka mpya ulipoingia, baba akaniita baada ya chakula.

"Zamda, Abbasi ameuliza kuhusu posa yake mara ya pili."

Abbasi alikuwa mgane, muuza vipuri vya baiskeli, mtu mpole, kanzu yake safi siku zote. Kosa lake kubwa ni kwamba hakuwa Twalibu.

"Baba, naomba uniachie muda."

"Kama yuko mwingine, alete barua ya wazee wake. Binti yangu hatoki kwa maneno ya kwenye kigoda. Nangoja mpaka mwisho wa mwezi huu. Ukipita, nampa Abbasi jibu."

Jumatatu iliyofuata Twalibu akaja. Alikuwa ametoka Ujiji kwa treni, kwa baba yake mkubwa, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha. Nikamweleza yote, Abbasi na mwisho wa mwezi.

"Usiwe na wasiwasi," akasema. "Najua ninachofanya. Mzee yuko?"

"Kaenda mazikoni Sikonge. Atarudi keshokutwa."

"Na mimi lazima niondoke sasa hivi, gari la dawa linanisubiri Nzega. Basi nakuachia begi hili moja. Mwambie mzee alijaribu yeye mwenyewe. Mkono wake, Zamda. Lisipite mkono mwingine."

"Kwa nini? Mishono yangu imeanza kukutia shaka?"

"Sivyo, nina maana yangu."

"Maana gani?"

"Utaijua. Mpe mzee tu."

Akapiga teke pikipiki, huyo. Akaniacha nimesimama mlangoni nafura kama chapati. Miezi miwili unakaa kwenye kigoda changu unasifu kazi yangu, leo begi lisipite mkono wangu? Haya, tutaona nani fundi.

Nikalipindua begi, nikalikung'uta. Hakikuanguka kitu. Mfuko wa siri ulikuwa umefungwa vifungo, na kifuniko chake nilikishona mwenyewe, kimebana sawasawa. Nikajaza maji mpaka shingoni. Nikatundika kwenye boriti.

Alasiri gazeti lilikuwa kavu kabisa. Nikajisifu peke yangu. Kisha nikamimina maji uani, nikaona yana rangi ya buluu.

Nikafungua vifungo haraka. Ndani palikuwa na bahasha iliyolowa chapachapa. Juu yake hapakubaki jina, wino wote umetoka. Sikuifungua. Karatasi ya mteja haisomwi, hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya baba, na mwaka ule mtu angeweza kupata matatizo makubwa kwa kuharibu karatasi ya serikali. Nilidhani ni ya serikali. Ningejuaje? Posa huletwa na wazee wawili wenye kanzu, haiji kwenye begi la pikipiki.

Nikaikausha kwa pasi ya mkaa, polepole, kitambaa juu. Nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni wa sukari, nikairudisha mahali pake, nikafunga vifungo. Kesho yake, baba hajarudi bado, akaja Masolwa, dereva wa Landrova ya idara ya afya.

"Twalibu anataka begi lake, kazi imezidi. Anauliza, mzee ameshalijaribu?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Badala yake nikasema:

"Limeshajaribiwa, chukua. Na mwambie... mwambie anisamehe. Asinichukie."

"Kuna nini?"

"Mwambie hivyo tu, kaka Masolwa."

Siku nne baadaye ikafika simu ya maandishi kutoka Nzega, kwa jina la baba. Baba akaisoma kwa sauti:

"JIBU NIMEPATA. MUNGU AWABARIKI. TWALIBU."

Akanitazama.

"Jibu gani, Zamda? Mimi sijamjibu kitu huyu kijana."

"Labda la begi, baba."

"Begi gani?"

"Alileta... nikaangalia mkanda. Kidogo tu."

Nilidanganya kwa sababu nilikuwa nimejaribu begi bila ruhusa na nimeharibu karatasi ya watu. Uongo wa dakika moja. Ningesema hapohapo, baba angeuliza, angepeleka mtu Nzega, na leo nisingekuwa nawasimulia.

Twalibu hakupita tena. Kila mlio wa pikipiki nilikimbilia mlangoni. Ilikuwa ya padri, ya polisi, ya bwana shamba. Nikaandika barua: "Twalibu, siku zimebaki tisa." Haikujibiwa. Nikaandika nyingine: "Kama ni karatasi ile, nisamehe, nilikosa. Njoo japo unitukane." Kimya. Nikalia mpaka baba akaacha kuuliza.

Tarehe ya mwisho ya Januari, baba akavaa koti.

"Naenda kwa Abbasi. Una neno?"

"Sina, baba."

Nikaolewa katikati ya Februari. Watu walikula pilau, wakapiga vigelegele. Hina yangu ilishika vizuri, kila mtu aliisifia.

Mwezi haujaisha, nikaenda kumsaidia baba kumaliza hema la hospitali. Nikiwa peke yangu nasokota uzi, pikipiki ikazima nje. Sikunyanyuka. Nilikuwa nimeshajikataza.

"Hodi."

Uzi ukaniponyoka. Twalibu alikuwa amekonda, mabegi yote mawili begani.

"Nimehamishiwa Kigoma," akasema. "Nimekuja kuyarudisha haya. Siwezi kuyabeba tena."

"Barua zangu hukuzipata?"

"Barua zipi? Toka siku ile niko kambini, porini huko. Zitakuwa zimelala ofisini Nzega." Akaiona hina mikononi mwangu. Akatazama pembeni. "Hongera, Zamda. Mzee alishanijibu, sikuja kulalamika."

"Amekujibu lini? Baba mpaka leo anauliza ulipata jibu gani!"

"Zamda, tusifanyiane hivyo. Mlinirudishia posa."

"Posa ipi?"

Akafungua begi. Akafungua vifungo. Akatoa ule mfuko wa nailoni wa sukari, fundo langu bado liko vilevile.

"Hii. Baba mkubwa aliiandika kwa mkono wake. Mwenye kuposa hapeleki posa yake mwenyewe, na wazee wangu wako Ujiji. Nikasema begi litakuwa mshenga wangu. Mzee akilijaribu, atafungua mfuko kabla ya kujaza maji, ataikuta. Likarudi, nikaona kona ya bahasha, imenyooshwa, imefungwa vizuri. Masolwa akasema unaomba nisikuchukie. Nikaelewa. Wewe mwenyewe uliniambia, bahasha ikirudi imerudi."

Nikaugusa ule mfuko kwa ncha ya kidole.

"Hukuifungua?"

"Nifungue nini, wakati imekataliwa?"

"Ifungue, Twalibu. Nakuomba."

Akafungua. Karatasi ilikuwa nyeupe, yenye mawingu ya buluu kila mahali. Hapakuwa na neno hata moja. Aliigeuza, akaigeuza tena, kama siku ile alivyogeuza gazeti.

"Nilijaza maji mimi," nikasema. "Ulisema lisipite mkono wangu, nikakasirika. Baba hakuiona. Hajawahi kuiona. Niliikausha nikidhani ni ya serikali. Nilikuwa nakuogopa wewe, naiogopa idara, namwogopa baba. Twalibu, mimi nilikuwa naingojea hiyo hiyo!"

Akakaa kwenye kigoda. Akaweka uso kwenye viganja, mabega yakawa yanatikisika. Sikuwahi kumwona mwanamume analia hivyo, na sikuweza hata kumshika bega, kwa sababu nilikuwa mke wa mtu.

"Ilisemaje?" nikamuuliza.

"Ya nini sasa?"

"Nataka kuijua. Ilikuwa ya kwangu."

Akafuta macho. Alikuwa ameihifadhi moyoni.

"Kwa Mzee Selemani bin Juma. Baada ya salamu. Sisi wazee wa Ujiji tunabisha hodi nyumbani kwako kwa heshima. Kijana wetu Twalibu ameona ua katika bustani yako, na hana usingizi. Tunaomba utupe Zamda awe mtoto wetu. Tutamtunza. Hatalowa."

"Hatalowa?"

"Hilo nililiongeza mimi. Baba mkubwa alinicheka sana."

Kengele ya baiskeli ikalia nje.

"Bi Zamda," Abbasi akaita, kwa sauti yake ya upole, "mawingu yanakusanyika. Nimekuja kukuchukua usije ukalowa."

Twalibu akasimama. Akakunja ile karatasi tupu, akaitia mfukoni mwa shati. Mlangoni akampa Abbasi mkono.

"Una mke fundi, kaka. Mtunze."

"Inshallah," Abbasi akajibu.

Nikamwambia mume wangu anisubiri kidogo, nina kazi namalizia. Nikayajaza maji mabegi yale mawili mpaka shingoni, nikayatundika kwenye boriti, nikatandika gazeti chini. Pikipiki ikawaka, ikaelekea stesheni. Nilisimama pale mpaka mlio wake ulipokwisha masikioni mwangu, na mpaka Abbasi alipoita mara ya pili.

Gazeti lilikuwa kavu.